Bima ya gari huanzia mahali gari linapolala

Kabla ya kulipia bima ya gari, zingatia mahali linapolala, kwa sababu kampuni nyingi hukadiria hatari kwa kuangalia eneo hilo: wizi, msongamano wa magari, ajali za mara kwa mara na gharama za matengenezo katika gereji za karibu. Ukihama, ijulishe kampuni mapema, kwani anwani isiyo sahihi inaweza kuwa sababu ya dai lako kukataliwa.

Bima ya mtu wa tatu, ambayo katika nchi nyingi ndiyo kiwango cha chini kinachotakiwa na sheria, hufidia madhara uliyowasababishia wengine, si uharibifu wa gari lako. Kwa hiyo anayeishi bondeni penye mafuriko asiichague kwa unafuu wake tu. Na hata akichukua bima kubwa, yaani ile inayofidia pia uharibifu wa gari lake, asome vifungu vya mkataba ahakikishe kwamba mafuriko yamo, maana baadhi ya kampuni huyaongeza kwa malipo ya ziada. Gari kuukuu lenye thamani ndogo ni suala jingine, na kwa maoni yangu bima kubwa hapo ni nadra kuwa na faida kwa mwenye gari. Uliza pia kama king'ora au maegesho yenye uzio hupunguza ada.