Maua ya ndani yajimwagilie yenyewe ukisafiri: ndoo, nondo za dirisha na dripu ya duka la dawa

Wenye maua ndani mnaijua hii, ukipata safari ya wiki mbili unaanza kutafuta mtu wa kumwachia funguo, na huyo mtu ama anasahau kabisa ama anamwaga maji ya siku kumi kwa mpigo ili amalize kazi. Mimi nilishachoka kuomba watu, sasa natumia ndoo na zile dripu za hospitali, hakuna umeme wala pampu, maji yako juu maua yako chini, yanashuka yenyewe.

Kwanza usikimbilie vile vitonesho vya shambani vya duka la pembejeo, nimeshapoteza hela hapo. Vingi vimetengenezwa kwa presha ya kama baa moja (sio ile ya bia) na ndoo ukiiinua mita nzima inakupa 0.1 tu, matokeo yake kimoja kinatiririka mwenzake hatoi hata tone. Dripu ya hospitali imezaliwa kufanya kazi kwa kuning'inia, na ina kile kigurudumu cha kubana mpira, mwendo unaupanga mwenyewe.

Nunua seti mpya, moja kwa kila ua, zilizokwisha kutumika usiguse hata ukipewa bure. Kama imekuja na sindano usiifungue, hatuihitaji. Muuzaji aliniuliza mgonjwa ana nini nikamwambia majani yanamlegea, akacheka mpaka akakosea chenji.

Halafu chukua ndoo ya lita 10 yenye mfuniko, iwe ya rangi nzito, maana ukitumia dumu jeupe dirishani baada ya siku chache ndani ni ukijani mtupu na huo ukijani ndio unaoziba mipira. Kama ni jeupe livishe mfuko mweusi. Pasha moto msumari mwembamba kidogo kuliko ile ncha ya plastiki ya dripu, toboa kitako cha ndoo, sukuma ncha iingie kwa nguvu, nguvu kweli, ikiwa bado inavuja paka silikoni uiache mpaka kesho. Ncha ikichomoza sentimita mbili hivi ndani ni nzuri sana, sababu tope la maji yetu ya tenki linatulia chini yake haliingii kwenye mpira.

Ndoo ining'inize kwenye nondo za dirisha kwa kamba ya maana, ikijaa inapita kilo 10 kwa hiyo usiamini mshikio wa plastiki peke yake, pitisha kamba na chini. Kitako kiwe juu ya vyungu kwa mita moja kama mpira unafika. Sababu ni kwamba maji yakipungua ndoani na presha inapungua, sasa maji ya kina cha sentimita 25 yakiwa mita moja juu, mpaka yaishe mwendo umeshuka kama asilimia 20, ua halitajua. Ukiweka ndoo sentimita 20 tu juu ya chungu mwendo unashuka zaidi ya nusu na siku za mwisho ua linalala na kiu.

Mfuniko utoboe tundu dogo! Mimi niliufunga kabisa nikihofia mbu, matone yakasimama, nikabinya mpira saa nzima nikidhani umeziba kumbe ndoo haipati hewa. Toboa, bandika kipande cha chandarua juu, mbu hawaingii.

Sasa kuhesabu, hapa ndipo wengi tunaharibu. Seti ya kawaida ya watu wazima matone 20 ni mililita moja (angalia pakiti, za watoto ni 60). Tone moja kila sekunde tatu linaonekana dogo lakini ni karibu lita moja na nusu kwa siku, ua la ndani linaoza. Tone moja kwa dakika ni mililita 72 kwa siku, chungu cha wastani kinatosheka, maua manne yanakula chini ya lita 4 na nusu kwa siku 15. Kwa hiyo binya kile kichupa laini cha chini ya ncha, kinachoonyesha matone, mpaka kijae nusu, fungua mpira hewa itoke yote, funga, halafu legeza kigurudumu kidogo kidogo huku unaangalia saa. Ukishapata usiondoke, ile plastiki inajirudi taratibu, baada ya saa mbili utakuta mwendo umebadilika, rekebisha, na kesho yake tena. Mimi nawasha siku tatu kabla ya safari.

Mwisho wa mpira ufunge kwenye kijiti cha mshikaki kilichochomekwa kwenye udongo, mdomo uwe juu ya udongo kidogo, ukiuzika unaziba. Na ufunge kweli. Mara ya kwanza mimi niliulaza tu juu ya chungu na kigurudumu nimefungua kwa huruma, usiku ukateleza ukashuka sakafuni, alfajiri dada wa chini anagonga mlango ameshika shuka lililolowa. Tangu siku hiyo kila chungu kina sahani yake, na nikisafiri namwachia yeye funguo, sio amwagilie, akiona maji tu apande afunge.

Mshubiri na jamii yake msiwaunganishe kabisa, wale wiki mbili bila maji ni likizo.