Namna ya Kulipiga Picha Gari la Yadi kwa Ajili ya Mnunuzi Aliye Mbali

Gari linalouzwa katika yadi ya Malindi mara nyingi huonekana kwanza kwenye simu ya mtu aliyeko Mombasa, umbali wa kilomita 120 hivi, au Nairobi, na mtu huyo hatapanda basi kuja kulikagua iwapo picha hazijamjibu maswali yake. Simu ya kawaida inatosha.

Hatua ya 1. Osha gari, likaushe, kisha ufute lenzi kwa kitambaa laini. Huku pwani upepo wa bahari huacha utando wa chumvi kwenye kioo, na picha ikatoka kama iliyopigwa ukunguni.

Hatua ya 2. Chagua saa. Malindi iko takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri huwa karibu na utosi: paa na boneti hung'aa kupita kiasi, ilhali ubavu na magurudumu huzama kivulini. Piga kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, jua likiwa mgongoni mwako. Gari jeusi ndilo gumu zaidi, kwa kuwa huakisi kila kilicho mbele yake, mpiga picha akiwemo. Lipeleke mahali pa wazi, mbali na kuta za rangi kali.

Hatua ya 3. Simama mbali. Wauzaji wengi hulikaribia gari na kutumia lenzi pana, pua ikavimba na sehemu ya nyuma ikasinyaa. Rudi nyuma hatua sita au saba, ikuze picha kwa zoom hadi mara mbili (2x), na uishushe simu hadi usawa wa taa za mbele. Picha ya kwanza ionyeshe uso na ubavu kwa pamoja.

Hatua ya 4. Ingia ndani. Piga dashibodi injini ikinguruma, kwa sababu swichi ikifunguliwa bila kuwasha injini, taa nyingi za tahadhari huwaka hata kwenye gari lisilo na hitilafu. Viti, buti na injini vifuate.

Hatua ya 5. Onyesha kasoro. Hapa wenye yadi hunipinga, nami sijabadili msimamo: aliyeuona mkwaruzo pichani huja akiwa ameshauhesabu katika bei, ilhali anayeukuta yadini huanza kuishuku hata injini. Kila mkwaruzo, kutu au kibonyeo kipigwe kwa mbali, ijulikane kilipo, kisha kwa karibu, sarafu ikiwa kando yake kuonyesha ukubwa. Piga pia tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa kwa tairi, ubavuni mwake. 2321 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2021.

Hatua ya 6. Anayeomba picha kwa WhatsApp mtumie kama faili, kwani zikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa, na tarakimu za tairi huenda zisisomeke tena.