Sampuli ya maji baada ya taa ya UV: ifunike hapohapo

Unapopima taa ya UV (mionzi ya urujuanimno ya kudhibiti vijidudu) kwenye maji taka yaliyosafishwa ili yatumike tena, chota chupa mbili, moja kabla ya taa na nyingine baada yake. Hiyo ya baada izungushie foili ya jikoni palepale, kisha zote mbili ndani ya deli lenye barafu. Mionzi ya taa hiyo, ya urefu wa wimbi wa nanomita 254, haipasui bakteria, inaharibu DNA yao tu. Wakipata mwanga, E. koli (bakteria wa kinyesi wanaopimwa maabara) wanaweza kujikarabati njiani, idadi yao kwenye majibu ya maabara ikapanda na wewe ukailaumu taa bure. Ila kama maji hukaa kwenye bwawa la wazi kabla ya kumwagilia, chupa iliyofunikwa itakupa matumaini ya uongo. Chota na bwawani.