Poka: maneno ya dau, hatua kwa hatua

Kama umekulia Kisumu, huenda poka kwako ni ile ya kulisha kwa 2 na 3, kuruka kwa J na kutangaza "niko kadi". Weka hiyo kando. Hapa ni Texas Hold'em, jinsi ninavyowafundisha wageni kwenye meza yetu Milimani. Hatuchezei pesa, tunatumia vifuniko vya soda vilivyoandikwa 10, 20 na 100.

Hatua ya 1: Blaindi. Kabla karata hazijagawanywa, wawili walio kushoto kwa mgawaji huweka dau la lazima: blaindi ndogo 10, kubwa 20. Kisha kila mtu hupata karata mbili za siri.

Hatua ya 2: Zamu yako. Dau likiwepo, ama unakoli (unalipa sawa nalo), ama unafoldi (unatupa karata), ama unareizi (unaongeza dau). Lisipokuwepo, unacheki, yaani unapita bure, au unabeti (unaweka dau la kwanza). Blaindi kubwa nayo ni dau, kwa hiyo kabla ya flopi (karata tatu za kwanza za mezani) anayeweza kucheki ni aliyeiweka tu, ikiwa hakuna aliyereizi. Na tafadhali, usifoldi pale unapoweza kucheki!

Hatua ya 3: Reizi. Kelele zote huanzia hapa. Taja jumla: "reizi hadi 60". Ukisema "reizi 60" tu, watu wataanza kubishana kama ni 60 zote au ni 60 juu ya zile 20. Anayereizi baada yako lazima aongeze angalau kiasi ulichoongeza wewe. Umetoka 20 hadi 60, umeongeza 40. Basi yeye aanzie 100.

Tena, sema kabla ya kugusa vifuniko. Ukirusha kimya kifuniko kimoja cha 100 mbele ya dau la 20, hiyo ni koli, na utarudishiwa chenji. Ukisema "nakoli... halafu naongeza", umeshakoli. Sinema zimeharibu watu hapo.

Hatua ya 4: Flopi ni karata tatu za mezani, tani ni ya nne, riva ya tano. Kila mara mnaweka dau upya kwa maneno yale yale.

Hatua ya 5: Oli-ini. Tuseme una 200 na wenzako wawili wameweka 500 kila mmoja. Ukiingiza zote, poti kuu (rundo la madau unaloweza kushinda) ni 600, yaani 200 za kila mtu. Zile 600 zinazobaki ni poti ya pembeni, na hao wawili wataigombania wenyewe hata kama karata zako zimewashinda wote.