Ripoti ya takwimu kwa Quarto: data ikibadilika, usiandike upya

Kunakili namba kwa mkono kutoka R (programu ya takwimu) kwenda Word ndiko kunakozaa makosa. Sakinisha Quarto, programu inayounganisha maandishi na msimbo wa R kuwa ripoti moja, kisha kwenye terminali andika `quarto install tinytex` upate LaTeX, mfumo wa kupanga maandishi, ya kutengenezea PDF. Juu ya faili ripoti.qmd weka `format: pdf`, na chini ya `execute:` weka `echo: false` ili msomaji asione msimbo. Sogeza mstari huo wa `echo` ndani kwa nafasi mbili. Tab huvunja YAML, yaani mipangilio hiyo ya juu ya faili.

Ndani ya sentensi andika `` `r nrow(d)` ``, ambapo `d` ni jedwali lako la data, na idadi ya safu mlalo itajisasisha yenyewe kila unapotengeneza ripoti. Unataka ripoti ya kila mkoa? Tangaza `params` (vigezo vinavyobadilika, hapa `mkoa`) kwenye YAML, kisha kwenye terminali andika `quarto render ripoti.qmd -P mkoa:Tanga`.

Jedwali likigoma, kagua alama ya %. Kwenye kable (amri ya R ya kuchora jedwali) yenye `format = "latex"` na `escape = FALSE`, LaTeX huiona kama mwanzo wa maelezo yasiyochapishwa, ikameza mstari wote uliobaki. Ndani ya R andika `\\%`.