Somo: Simu yako ina milango mingapi?

Jambo wenzangu. Somo hili niliwaahidi mafundi wa nguo, ila hata mwenye duka litamfaa. Mimi nashona Katuba, hapa Lubumbashi. Mwaka jana shangazi wa bibi harusi aliniagiza nguo 22 za ndoa kwa njia ambayo sikuwa naifungua. Nilikuja kuuona ujumbe siku ya tisa, ndoa imeshapita. Yule mama alidhani nimemdharau, na hilo liliniuma kuliko fedha.

Hatua ya 1: hesabu milango. Chukua karatasi, andika kila njia ambayo mtu anaweza kukufikia. Mimi nilikuta tisa: laini ya Vodacom, ya Airtel na ya Orange, WhatsApp mbili, Messenger, ukurasa wa Facebook, TikTok, na mama jirani anayepokea maagizo nikiwa kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi. Ndiyo, mtu naye ni mlango. Kwenye Messenger fungua sehemu ya maombi ya ujumbe: asiye rafiki yako akikuandikia, maneno yake huwekwa humo, na unaweza kukaa wiki bila kujua.

Hatua ya 2: kila mlango upewe kazi yake. Hapa ndipo penye kazi kubwa, msipaharakishe. Kwangu, kupiga simu ni kwa jambo la leo: mteja yuko mlangoni, au nguo inatakiwa kesho. WhatsApp ya kazi ni ya picha za mitindo na vipimo. Laini ya M-Pesa ni ya fedha tu, sipokei maagizo huko. Facebook ni ya kuonyesha kazi; nimeandika juu kabisa ya ukurasa: «Kuagiza, andika WhatsApp», na namba chini yake.

Hata hivyo, vipimo vyote vinaishia kwenye daftari moja. Mteja akituma sauti ya dakika nne, nasikiliza nikiwa na kalamu mkononi, kisha namrudishia kwa maandishi: kifua, kiuno, urefu, siku ya kuchukua. Asipojibu «ndiyo», sikati kitambaa.

Hatua ya 3: simu ijibu badala yako. WhatsApp Business ina ujumbe wa salamu, na ujumbe wa kutokuwepo unaoupangia saa. Wangu unasema: «Nimepokea. Nashona mpaka saa kumi na moja jioni, nitakujibu baada ya hapo, saa za Lubumbashi.» Hayo maneno ya mwisho ni kwa wateja wa Kinshasa, maana wao wako saa moja nyuma yetu.

Hatua ya 4: makundi. Ingia kwenye mipangilio ya faragha, chagua kwamba watu uliohifadhi namba zao tu ndio wakuingize kundini. Wengine itabidi wakutumie mwaliko kwanza. Makundi ya kilio na ya ndoa nayanyamazisha, nayasoma usiku. La familia siligusi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Kutoka Kamalondo: Yaya, kibao changu cha zamani kina namba nisiyoiweka tena kwenye simu. Wateja wanapiga, haipatikani.*

Irudishe laini kwenye simu kwa muda mfupi, bonyeza \*\*62\* kisha namba unayotumia, halafu #, piga. Mtandao wako ukiruhusu, kila asiyekupata atapelekwa huko. Kipande hicho cha safari ya simu unakilipia wewe, kwa hiyo weka salio. Na kibao upake rangi upya, mdogo wangu.

*Kutoka Kasumbalesa: Wateja wangu wengi wana namba za Zambia. Nikinyamazisha simu za WhatsApp za nisiowajua, si nitawapoteza?*

Simu haitalia, lakini itabaki kwenye orodha, na ujumbe wao utaingia kama kawaida. Hifadhi kila namba ya +260 siku ya kwanza. Mimi nanyamazisha usiku tu.

*Kutoka Likasi: Mama mkwe anatuma sauti mchana. Nikimjibu jioni, anaumia.*

Huyo usimpe ujumbe wa mashine. Mpigie asubuhi kabla ya kuanza kazi, umweleze saa zako kwa heshima. Wangu sasa ananisubiri saa kumi na mbili jioni, na tunaongea vizuri kuliko zamani.

*Kutoka Ruashi: Simu ikiibwa je?*

Washa leo uthibitishaji wa hatua mbili kwenye WhatsApp, ile namba ya siri ya tarakimu sita, ili mwizi asiweze kuisajili akaunti kwenye simu nyingine. Ikiibwa, nenda kwenye ofisi ya mtandao wako na kitambulisho, laini ifungwe, upewe nyingine yenye namba ileile. Ukiisajili WhatsApp kwenye simu mpya, ile ya zamani inatolewa. Anza na laini yenye fedha.