Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuchapa Dekali za Modeli kwa Printa ya Wino

Dekali, yaani zile alama nyembamba zinazolowekwa majini kisha zikatelezeshwa kutoka kwenye karatasi yake hadi juu ya modeli ya gari, ndege au treni, zinaweza kuchapwa nyumbani kwa printa ya kawaida ya wino. Hata hivyo, ubora wake huamuliwa kwa sehemu kubwa kabla printa haijawashwa, na kwa mtu aliyeko Dodoma jambo hili lina uzito wa pekee. Karatasi ya dekali si bidhaa ya kuifuata sokoni Majengo jioni ile ile uliyoiharibu. Aghalabu huagizwa kutoka nje ya nchi na kusubiriwa kwa majuma, na kwa hiyo kila ukurasa unaoingia kwenye printa unapaswa kuingia pale tu ambapo maswali mengine yote yamekwisha kujibiwa. Zaidi ya hayo, ukavu wa hewa, upepo na vumbi la miezi ya kiangazi huathiri wino na vanishi kwa namna ambayo maelekezo yaliyoandikwa kwa nchi za baridi hayaitaji.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba karatasi na printa vinaendana. Karatasi ya dekali ina tabaka tatu: karatasi ya chini inayonyonya maji, gundi inayoyeyuka majini, na utando mwembamba wa juu unaopokea chapa. Utando wa karatasi iliyotengenezwa kwa printa za wino una tabaka la kunyonya wino huo, ilhali ule wa karatasi ya printa za leza hauna, na wino ukiangukia hapo hukusanyika kuwa matone na kuchafuka ukiguswa. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Steshenari nyingi za mjini hutumia mashine za tona, yaani za leza, ambazo hugandamiza chapa kwa joto kali, na karatasi ya wino ikipitishwa humo utando wake unaweza kulainika na kunata ndani ya mashine ya mtu. Ukienda kuchapisha nje, uliza kwanza mashine ni ya aina gani, wala usiridhike na jibu la kwamba inatoa rangi, kwa maana zote mbili hutoa rangi.

Suala linalowakwaza wengi ni rangi nyeupe. Printa ya wino ya nyumbani haina wino mweupe. Mahali penye weupe kwenye picha huachwa bila wino, na weupe tunaouona kwenye karatasi ya kawaida ni wa karatasi yenyewe. Tena rangi zake nyingine hupitisha mwanga, hivyo manjano iliyochapwa kwenye utando angavu na kubandikwa juu ya bodi ya bluu itaonekana kijani, na nyekundu juu ya nyeusi itapotea kabisa. Ndiyo maana uamuzi wa kununua karatasi yenye utando angavu au yenye utando mweupe hutegemea rangi ya modeli, na hauna budi kufanywa kabla ya kuagiza. Kwa ndege yenye bodi nyeupe, utando angavu unatosha na unapendeza, kwa sababu ukingo wake hauonekani. Kwa kibao cha namba za gari la binafsi la Tanzania, chenye herufi nyeusi juu ya manjano, utando mweupe ndio unaofaa, kwani manjano hupata msingi wa kuionyesha na kibao chenyewe kina kingo nne zilizonyooka ambazo hukatwa kwa urahisi kwa wembe na rula ya chuma. Kazi ngumu ni herufi nyeupe juu ya rangi iliyokolea. Hapo hubaki njia mbili. Ya kwanza ni kutumia utando mweupe na kuchapa rangi ya bodi kuzunguka herufi, jambo linalodai rangi hizo mbili zilingane kabisa, nazo hulingana kwa nadra. Ya pili ni kupaka rangi nyeupe kwenye modeli mahali herufi zitakapokaa, kisha kubandika juu yake dekali angavu yenye rangi ya bodi iliyoachwa matundu ya herufi. Kwa maoni yangu, anayeanza na aichague modeli yenye bodi nyeupe, au ya rangi hafifu, na kuyaahirisha matatizo hayo.

Vipimo navyo vinastahili jioni nzima mezani. Hesabu yenyewe ni nyepesi: kipimo halisi hugawanywa kwa uwiano wa modeli. Maandishi ya ubavuni mwa basi yenye kimo cha sentimita 36 huwa milimita 15 katika uwiano wa 1:24, na milimita 5 katika uwiano wa 1:72. Ugumu umo katika kukipata hicho kipimo halisi. Kwa basi au lori lililoegeshwa, mwombe mwenyewe au dereva ruhusa, kisha pima kwa futi na upige picha ukiwa umesimama mbele ya maandishi, si pembeni, kwa sababu picha iliyopigwa kwa mshazari hupotosha umbo la herufi. Kwa ndege, kwa treni za umeme za reli ya kisasa zilizoanza kufika Dodoma mwaka 2024, na zaidi sana kwa magari ya jeshi na ya vyombo vya usalama, usipige picha bila kibali. Tumia picha zilizokwisha kutolewa hadharani na ukadirie kwa kulinganisha na sehemu ambayo urefu wake unajulikana. Boeing 787-8, kwa mfano, ambayo Air Tanzania iliipokea mwaka 2018, ina urefu wa karibu meta 56.7. Katika uwiano wa 1:144 hiyo ni modeli ya sentimita 39 na ushei, ilhali ukurasa wa A4 una urefu wa sentimita 29.7 tu. Mstari wowote unaotembea kutoka puani hadi mkiani italazimu ukatwe vipande viwili, na mahali pa kuungia panapaswa kuchaguliwa wakati wa kuchora, ikiwezekana kwenye ukingo wa mlango ambapo macho hayatapashangaa.

Kuna pia kikomo cha udogo ambacho hesabu hukifichua mapema. Herufi ya sentimita 10 katika uwiano wa 1:72 ina kimo cha milimita 1.4. Kwa mchoro wa nukta 300 kwa inchi, kimo hicho chote kina nukta 16 au 17 tu, na wino ukisambaa kidogo matundu ya herufi kama A na B huziba. Chora kwa nukta 600 kwa inchi, au tumia programu inayochora kwa mistari badala ya nukta, kama Inkscape, ambayo hupatikana bila malipo, ili mchoro ukipunguzwa au kukuzwa kingo zake zisiharibike. Maandishi yasiyosomeka hata kwenye mchoro wa kompyuta uliowekwa katika ukubwa wake halisi hayatasomeka yakichapwa.

Bendera ihesabiwe peke yake. Bendera ya Tanzania ina uwiano wa 2 kwa 3, na mkanda wake mweusi wenye kingo za manjano hupanda kutoka pembe ya chini ya upande wa mlingoti hadi pembe ya juu ya upande unaopepea, kijani kikiwa juu na bluu chini. Kwenye ndege na magari, desturi ni upande wa mlingoti kuelekea mbele ya chombo. Ubavu wa kushoto hupata bendera kama tunavyoizoea, na ubavu wa kulia hupata iliyogeuzwa, mlingoti ukiwa mkono wa kulia wa mtazamaji. Anayenakili bendera moja mara mbili atagundua kosa lake wakati karatasi imekwisha. Maandishi, bila shaka, hayageuzwi.

Mchoro ukiwa tayari, uchapwe kwanza kwenye karatasi ya kawaida. Katika mipangilio ya printa hakikisha ukubwa ni asilimia 100 na kwamba kipengele cha kulinganisha picha na ukurasa kimezimwa, kwa kuwa hicho hupunguza mchoro kimyakimya kwa asilimia chache zinazotosha kuharibu kila kitu. Kata alama hizo za karatasi, zishikize kwenye modeli kwa utepe, na uzitazame kwa siku moja au mbili. Chora vilevile msalaba kwenye pembe ya karatasi ya kawaida na kuipitisha, ili ujue printa yako huchapa upande upi. Utando wa dekali uko upande mmoja tu. Rangi zijaribiwe kwa vipande vidogo vya miraba, maana bluu ya kwenye skrini ina mazoea ya kugeuka zambarau ikichapwa. Aina ya karatasi unayoichagua kwenye mipangilio ndiyo inayoamua wingi wa wino utakaomwagwa. Anza na ile ya picha, na wino ukionekana kutuama juu ya utando, shuka hadi daraja linalotumia wino kidogo.

Printa nayo ikaguliwe siku hiyo hiyo. Katika ukavu wa huku, printa iliyokaa mwezi mzima bila kazi huziba matundu ya wino, na dalili yake ni mistari myeupe inayokatiza rangi. Chapa ukurasa wa kupima matundu, usafishe pale tu inapohitajika, kisha uchape dekali papo hapo. Umeme ukikatika katikati ya ukurasa, ukurasa huo umekwenda. Mwenye betri ya kompyuta ya mezani aiunganishe na printa pia, kama ina uwezo wa kuibeba.

Wino wa printa nyingi za nyumbani huyeyuka majini, na dekali lazima iingie majini. Pasipo vanishi, kazi yote itabaki kuwa maji ya rangi kwenye bakuli. Ukurasa uliochapwa uachwe ukauke usiku mzima mahali pasipo na vumbi, pasipo kuguswa kwa vidole, kisha upulizwe vanishi angavu ya akriliki katika tabaka mbili au tatu nyembamba, kila moja ikipewa walau nusu saa kabla ya inayofuata. Tabaka la kwanza liwe jepesi kama umande, kwani vanishi nyingi kwa mkupuo mmoja huweza kuusambaza wino. Tabaka zikizidi, utando huwa mgumu na hukataa kulala kwenye mikunjo ya bodi. Baada ya hapo subiri siku nzima.

Wakati wa kupuliza uchaguliwe kwa makini. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wa mchana huinua vumbi hata ndani ya nyumba zilizofungwa madirisha, hivyo pulizia asubuhi mapema, ndani ya boksi kubwa lililolazwa ubavu, sakafu ikiwa imenyunyizwa maji. Kopo lishikwe sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye karatasi. Katika hewa kavu na yenye joto, ukilishika mbali mno vanishi hukauka ingali hewani na kutua kama unga. Wakati wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, tatizo hugeuka, na unyevu huweza kuifanya vanishi iwe na ukungu mweupe. Siku ya mvua ahirisha. Mlango uwe wazi, vaa barakoa, na usipulizie karibu na jiko la mkaa wala la gesi, kwa maana mvuke wa makopo hayo huwaka.

Kabla ya kukata alama yoyote, chukua kipande cha pembeni chenye wino na ukitumbukize majini. Maji yakibaki safi na utando ukateleza bila kuchanika, vanishi imetosha. Kipande hicho hicho kiwekwe kwenye plastiki chakavu na kupakwa kilainishi cha dekali unachokusudia kutumia, yaani kile kimiminika kinachoulegeza utando ulale kwenye mikunjo ya bodi, pamoja na vanishi ya mwisho, kwa sababu baadhi ya vilainishi hula utando wa nyumbani upesi kuliko ule wa kiwandani. Kumbuka pia kwamba wembe hufungua ukingo usio na vanishi. Kwenye utando angavu acha milimita moja ya uwazi kuzunguka wino, na kwenye utando mweupe uliokatwa hadi kwenye rangi, pitisha vanishi kidogo kwa brashi kwenye ukingo.

Bodi ya modeli iwe imepakwa vanishi ya kung'aa na imekauka. Juu ya rangi isiyong'aa, hewa hunaswa chini ya utando na kuacha weupe usioondoka. Maji ya kulowekea nayo yana neno lake: maji mengi ya Dodoma hutoka visimani, Makutupora ikiwa chanzo kikubwa, na yana madini yanayoacha madoa meupe yakikauka, kama sufuria za kuchemshia zinavyoonyesha. Tumia maji yaliyotoneshwa yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea betri za magari, ila usome lebo vizuri, kwa sababu asidi ya betri huuzwa kwenye rafu hiyo hiyo katika chupa zinazofanana.

Mwisho, ujaze ukurasa. Kila alama iwe na nakala mbili au tatu, zile ndogo zaidi zipewe nakala nyingi kuliko kubwa, na nafasi inayobaki ijazwe namba, bendera na maandishi ya modeli ijayo. Zisizotumika zihifadhiwe zikiwa bapa, kwenye mfuko wa plastiki, chini ya vitabu, mbali na jua la dirishani linalofifisha wino wa aina hii. Na nyuma ya karatasi andika kwa penseli tarehe na aina ya vanishi uliyotumia.